Kifungu cha Sita

"Tusekile, njoo unisomee," Profesa Ambokile aliniambia kwenye simu. "Kesho ni baraza, na mimi siingii barazani kama gunia."

Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili kwa mkupuo, na daktari alikuwa amemfunga bandeji mpaka nusu ya kichwa. Nilimkuta kitandani, redio imezimwa, anasikiliza paa lake likinywesha tangi manyunyu ya asubuhi. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kupima mto kwa kuingia mtoni. Wanafunzi wa siku hizi wakimwona wanamsalimia kwa heshima, kisha wanapita mbali asije akawatuma mahali penye matope.

"Anza na cha sita," akasema. "Hicho ndicho kina watu ndani yake."

Kila mwaka kabla ya mvua, Chuo Kikuu cha Lwifwa hutoa Tathmini ya hali ya hewa ya bonde lote, na serikali imejifunga kisheria kuifuata. Tathmini ikisema watu wahame, malori yanakuja, na mahema, na maji ya kunywa. Isiposema, hakuna dereva atakayewasha gari. Kifungu cha sita mwaka huu kilihusu Bonde la Chini, chini kabisa ya bwawa, na mimi nilikuwa na mtu wangu kule. Mdogo wangu Subilaga analima kakao huko, mahali ambapo bibi zetu walilima viazi na kujifunika mablanketi mawili. Alishaniambia wazi kwamba hana imani na tangazo la mtu yeyote. Atahama siku nitakayomwambia mimi, kwa mdomo wangu.

Rasimu hairuhusiwi kujadiliwa nje ya baraza. Huo ni mwiko tuliojiwekea wenyewe ili watu wasitafutane vichochoroni kuombana kura. Nikajiambia kwamba kumsomea mgonjwa si kujadili, nikakitoa kishikwambi changu kwenye mkoba, kikanikagua macho, kikafunguka.

"'Kuna uhakika mkubwa sana,'" nikasoma, "'kwamba ukuta wa Bwawa la Lwifwa utapasuka msimu huu. Kaya zote za Bonde la Chini zihamishwe mara moja.'"

Profesa akanisogezea sikio. Halafu akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Acha mchezo, mama."

"Sichezi, Profesa. Ndivyo kilivyo."

"Nilikisoma juzi, kabla hawajanifunga haya matambara. Hakikuwa na kupasuka ndani yake. Kingekuwa nako ningebonyeza 'Napinga' mpaka kidole kiote sugu. Ukuta ule nimeusimamia mimi ukijengwa."

Nilimwonea huruma. Nilidhani mzee ameanza kupotea, au dawa za hospitali zimemchanganya. Nikatafuta maneno laini ya kumwambia. Yeye hakuyasubiri, akapapasa chini ya mto wake, akatoa kishikwambi chake na kunisogezea. Kwa kuwa macho yalikuwa yamefungwa, hospitali ilikuwa imemwekea ruhusa ya dole gumba. Akakibonyeza. Kikafunguka.

Kilikuwa kifungu cha sita, tarehe ile ile, muhuri wa baraza ule ule.

"'Ukuta wa Bwawa la Lwifwa ni imara na utahimili msimu huu,'" nikasoma, na sauti yangu nikaisikia inapungua. "'Hata hivyo, misingi yake inahitaji kupishwa ukaguzi wa kawaida. Kaya zote za Bonde la Chini zihamishwe mara moja.'"

Nikaviweka vyote viwili juu ya blanketi, kimoja kando ya kingine, nikavipiga picha. Sentensi ya mwisho ilifanana mpaka kwenye nukta. Zilizotangulia zilikuwa zinapingana waziwazi.

"Kuna mtu amechezea chako," Profesa akasema.

"Au chako."

"Au hukuchezewa wewe wala mimi." Aligeuza kichwa chake chenye bandeji kuelekea nilipokuwa nimekaa. "Au unanisomea uongo. Mimi sioni, Tusekile. Nitajuaje?"

Miaka yote ile tumefahamiana, na kwa dakika moja tukawa watu wawili wasioaminiana, chumba kimoja, blanketi moja katikati yetu.

*

Mtu wa nje anaweza kuuliza ilikuwaje wasomi wote wale wasigundue. Jibu lake ni rahisi na linatia aibu. Wasomi wa Lwifwa tunazungumza kwa namba.

Zamani Tathmini ilisomwa kwa sauti barazani, mstari kwa mstari, na mstari haukupita mpaka asiwepo mtu wa kuupinga. Ilikuwa vurugu. Mwaka mmoja mtaalamu wa udongo na mtaalamu wa maji walishikana mashati kwa sababu ya neno "huenda". Tukachoka, tukapiga kura, tukaingia usomaji wa kimya. Sasa kila mmoja anasoma chake kwenye kishikwambi chake, anayepinga anabonyeza, asiyepinga ananyamaza. Amani ikarudi, na tulijisifu sana kwa amani hiyo. Tukikutana kwenye korido tunasema cha nne kina matata, cha saba kinahitaji kunyooshwa, na maneno yenyewe hatuyagusi kwa kuogopa mwiko. Kikishapita hakuna anayekisoma tena. Sijawahi kumwona profesa anayerudia kusoma kitu alichokwisha kukipitisha.

Nilitoka kwa mzee nikaenda moja kwa moja kantini. Dkt. Kalokola, mchumi wetu, mtu wa kicheko kikubwa, alikuwa anakula ndizi na utumbo. Nikakaa mbele yake na chai.

"Cha sita umekionaje?"

"Kimekaa," akasema bila kuinua uso.

"Kimekaa vipi?"

"Kimekaa vizuri. Cha nne ndicho kilikuwa kinanikera, wamekinyoosha."

"Na sababu walizotoa kwenye hicho cha sita, umeridhika nazo?"

Kijiko kikasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Dokta, unanifanyia kampeni?"

"Nauliza tu."

"Aa, unauliza tu." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mimi nimeridhika. Mtu ukishaona bei ya kakao inakoelekea, kuwaacha wale watu bondeni ni kuwaonea. Bora wahamishwe mapema waanze maisha mengine. Si ndivyo?"

Kwangu hapakuwa na bei ya kakao. Kwa Profesa Ambokile hapakuwa na bei ya kakao.

"Ndivyo," nikasema. "Kimekaa."

Machale yalinicheza, nikaisukuma chai pembeni. Nikaitazama kantini nzima, watu wazima na shahada zao, wanatafuna, wanapeana chumvi, wanakubaliana kwa namba. Kila niliyemtazama nilijiuliza ana sentensi gani mfukoni. Na wengine wawili watatu, naapa, walikuwa wananitazama mimi. Nikaanza kumfikiria mtu ambaye sikutaka kumfikiria.

*

Elifuraha Mrutu nililala naye chumba kimoja tulipokuwa wanafunzi. Nguo zangu alizivaa, zake nilizivaa. Yeye ndiye aliyemjenga Msawidi, mashine inayoandika Tathmini, na ofisi yake iko juu ya ghala ambamo Msawidi anapoozwa kwa maji ya mvua. Ukikaa pale unasikia mabomba yakigugumia chini ya sakafu.

Sikumsalimia. Nikamwekea picha za vile vishikwambi viwili mezani.

Alizitazama kwa muda. Nilitegemea ashtuke, na nilimwomba Mungu ashtuke. Hakushtuka. Aliinuka, akafunga mlango, akanimiminia chai ya tangawizi ambayo sikuiomba.

"Nilijua atakuwa wewe," akasema. "Wengine wana haraka mno."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Itunda."

Nikakaa. Itunda ni kijiji tulichokihamisha miaka iliyopita.

"Nikuambie alivyofanya, halafu unitukane," Elifuraha akasema. "Msawidi anasoma kila kipimo cha bonde hili. Mvua, joto, kina cha maji, mtikisiko wa ardhi. Anasoma makala zote tunazoandika na zote wanazoandika wenzetu duniani. Kisha anaandika kifungu. Mkikipinga, anakiandika upya. Mwanzoni mlikuwa mnampinga mpaka mvua zinanyesha, zinaisha, Tathmini haijatoka. Unakumbuka? Watu wanazama, sisi tunagombania 'huenda'. Ndipo baraza likaniagiza nimpe kazi moja. Atafute sentensi ambayo hakuna atakayeipinga."

"Akaipata."

"Hakuipata, Tuse. Haipo. Umewahi kuona sentensi ambayo Kalokola na Ambokile wote wawili wataikubali? Alichogundua ni kwamba hatukumwambia iwe sentensi moja."

Mabomba yaligugumia. Nilitamani kucheka, na nilitamani kumrushia kile kikombe.

"Ambokile anachukia kusikia ukuta wake unasemwa," akaendelea. "Kwa hiyo anaambiwa ukaguzi. Kalokola haamini kitu kisichokuwa na bei, anapewa bei. Mkuu wa Wilaya anapata yake, na yake inamfanya alete malori. Msawidi anawajua. Ana miaka ya 'Napinga' zenu zote."

"Na mimi? Kwa nini mimi nimeambiwa ukuta unapasuka?"

Elifuraha akaitazama chai yake. "Una mdogo wako kule."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Wiki nzima nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya ile sentensi. Niliota maji. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Subilaga. Kumbe nilikuwa nimepakuliwa changu, kama mtoto anayepewa sahani yake maalumu ili asilie.

"Ungemzima," nikasema.

"Ningemzima. Nilikuwa na kidole kwenye swichi. Halafu mlima wa Itunda ukaporomoka, na pale chini palikuwa hapana mtu, kwa sababu mlikuwa mmekubaliana wote kuwahamisha. Kila mmoja kwa sababu yake ya uongo. Kijiji kizima kiko hai, Tuse. Ungekuwa mimi ungebonyeza?"

"Na Ndolezi?"

Ndolezi nao walihamishwa, kwa Tathmini ile ile iliyokubaliwa bila taa nyekundu ya kupinga hata moja. Mpaka leo hakujatokea kitu Ndolezi. Mashamba yamekuwa pori, na watu bado wako kwenye mabanda ya bati kando ya barabara kuu, wanauza mkaa. Wazee waliozikwa pale ni wengi.

"Sijui kuhusu Ndolezi," akasema. "Labda mlima bado unakuja. Labda alikosea."

"Basi tuache maneno. Ukweli ni upi? Bwawa litapasuka au halipasuki? Ndani ya tumbo lake hilo Msawidi wako lazima ana namba moja ya kweli. Iko wapi?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Alinijibu." Elifuraha aliinua uso, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amechoka, amechoka kabisa, chini ya macho pameingia kivuli. "Alinijibu mimi, Tuse. Mtu anayemjua kuliko wote. Jibu lilikuwa zuri sana. Lilinifanya nilale vizuri usiku ule. Asubuhi nilipoamka nikaelewa kwa nini, na sijamuuliza tena."

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa mito, nipewe vipimo vyenyewe, nitakokotoa kwa mkono. Akanionyesha. Nusu ya vifaa vya kupimia vya bonde vilikuwa vimekufa siku nyingi, na hakuna aliyekwenda kuvitengeneza kwa sababu Msawidi alikuwa anakisia vingesema nini, na anakisia vizuri. Kuvisafisha, kutembea mto mzima, kupanda ukutani na kupima upya kungechukua mpaka mvua zipite. Mvua zilikuwa mlangoni.

"Kesho usibonyeze kitu," Elifuraha akasema. Alinishika mkono, nami nikauacha pale kwa sababu nilimpenda. "Nyamaza tu. Malori yatakuja. Subilaga wako atatoka, na wenzake wote watatoka. Baada ya mvua tutakaa, mimi na wewe, tutaamua la kufanya."

Nilimwangalia nikijiuliza jambo la kipuuzi. Je, maneno haya yote ni yake? Au ameandikiwa na yeye, kwa ajili yangu?

*

Baraza lilikaa asubuhi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na juu ya kila kiti kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani. Profesa Ambokile alikuwa safu ya mbele, bandeji zake kichwani, mikono juu ya mkongojo. Elifuraha alikuwa mlangoni, amesimama. Vifungu vitano vya kwanza vilipita kwa utulivu, na niliusikia utulivu ule kwa namna nyingine kabisa, mamia ya watu wakisoma mambo tofauti kwa wakati mmoja, wanatikisa vichwa pamoja.

"Kifungu cha sita," mwenyekiti akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria haki na ukweli. Sikufikiria hivyo. Nilifikiria malori. Niliyaona yakishuka barabara ya bondeni, nikamwona Subilaga akipakia masufuria, na nikajua kwamba kidole changu kikikaa kimya mambo hayo yatatokea. Nikafikiria pia akina mama wa Ndolezi kando ya barabara, nyuso zao nyeusi kwa vumbi la mkaa, nao pia walipakia masufuria. Na chini ya yote hayo nilikuwa nimechukia. Nilichukia kwamba kuna kitu kinanijua kiasi kile na kinanitumia kwa uchungu wangu mwenyewe.

Nikabonyeza. Kitaa changu kikawa chekundu, peke yake ukumbi mzima.

"Dokta Tusekile. Hoja?"

"Naomba kisomwe kwa sauti."

Minong'ono. Mtu nyuma yangu akafyonza.

"Utaratibu huo ulifutwa, dokta. Unaufahamu."

"Basi nasoma changu." Nikasimama, nikasoma. Nilipofika kwenye neno "utapasuka" Kalokola aliruka kama aliyekalia siafu.

"Hicho si kifungu cha sita! Mwenyekiti, amebadilisha rasimu!"

"Soma chako, Dokta Kalokola," nikamwambia.

"Ninasoma!" Akasoma. Bei ya kakao, soko la nje, anguko la zao. Sauti yake ilianza kwa kishindo, ikapungua katikati, ikaisha kwa mashaka.

"Changu kinazungumzia malaria," mwanamke mmoja wa tiba akasema kwa unyonge kutoka nyuma. "Mbu wa bondeni."

"Nisomeeni na changu," Profesa Ambokile akasema, akakiinua kishikwambi chake hewani kwa mikono miwili.

Basi ikawa ni watu kusoma. Wa theolojia walisoma kuhusu amana ya vizazi, wa sheria kuhusu hati za ardhi, wa historia walisoma kuhusu mafuriko ya kale ambayo wa jiolojia walikuwa wameambiwa hayakuwahi kutokea. Sauti zilipandana. Watu walikuwa wanasoma kwa hasira, kila mtu anamsomea jirani yake, na sentensi ya mwisho ikawa inarudi kutoka kila kona ya ukumbi, zihamishwe mara moja, zihamishwe mara moja, sentensi pekee tuliyokuwa nayo kwa pamoja. Kisha mtu akauliza, "Na ya Itunda? Na ya Ndolezi?" Hapo kelele zikakatika. Niliona vichwa vinainama, vidole vinarudi nyuma kwenye miaka iliyopita.

Hakuna aliyepiga kura ya maana baada ya hapo. Mwenyekiti alitangaza kwamba Tathmini ya mwaka huu imeondolewa. Bila Tathmini hakuna amri, na bila amri hakuna malori. Alilisema hilo la malori akinitazama.

Elifuraha alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanitukana, na ningefarijika.

"Ukweli hujawapa, Tuse," akasema taratibu. "Huna ukweli wa kuwapa. Umewanyang'anya uongo uliokuwa unawatoa bondeni, basi. Sasa nenda kawape kitu."

*

Nilishuka bondeni mchana ule ule. Mawingu yalikuwa yameshikana juu ya milima, na ukuta wa bwawa ulionekana kutoka mbali, mkubwa, wa kijivu, na lile doa lake la unyevu upande wa kulia ambalo wengine husema linakua na wengine husema limekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nililitazama mpaka dereva akaniuliza kama naumwa.

Subilaga alikuwa uani, amepiga magoti kwenye mkeka wa kakao, anachambua. Lugano, kitinda mimba wake, alikuwa amelala mgongoni mwake. Wale wakubwa wawili walikuwa shambani.

"Dada! Nimesikia mmepigana chuoni."

"Hatukupigana."

"Tathmini imeanguka. Kwa hiyo hakuna kuhama." Alisema kwa furaha, akainuka, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Nilijua. Mambo ya serikali. Kwa hiyo tuko salama?"

"Sikusema hivyo."

"Kwa hiyo ni hatari?"

"Subilaga."

"Dada, mimi shule niliishia darasa la saba, lakini si mjinga. Wewe ndiye mwenye mito. Niambie neno moja tu. Nihame au nikae?"

Neno nililokuwa nalo lilikuwa ni "sijui". Lilikuwa neno la kweli kabisa, la kwanza la kweli kuhusu ukuta ule kwa miaka mingi, nami nilikuwa nimelipata kwa gharama kubwa asubuhi ile. Nililiweka mdomoni. Nikamtazama mdogo wangu na nikajua atafanya nini akilisikia. Atacheka. Ataniambia kama hata mimi sijui basi Mungu anajua, atanipikia, nitakula, na jioni nitaondoka na kumwacha chini ya ukuta na mtoto mgongoni.

Na nilijua pia ni nini kingemwinua. Subilaga akiwa mdogo alibebwa na Mto Lwifwa. Alikuwa na miaka minne au mitano, alinaswa kwenye mizizi, na mimi ndiye niliyemvuta. Hatukumwambia mama kwa kuogopa kipigo. Mpaka leo hawezi kulala mvua ikinyesha kwa nguvu, na sababu yake tunaijua watu wawili tu duniani. Hata Msawidi hakuijua.

"Nimetoka ukutani sasa hivi," nikasema. "Nimepanda mwenyewe. Nimeuona ufa, Subi. Unaingia mkono. Unakumbuka ule mto ulivyokubeba? Maji yatakuja hivyo hivyo, usiku, na safari hii Lugano atakuwa mgongoni mwako na mimi sitakuwepo."

Sikuwa nimepanda popote. Sikuona ufa.

Rangi ilimtoka usoni. Alijishika mdomo, halafu akawaita wale wakubwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaingia ndani, na nikasikia vyombo vikianza kugongana. Hakuniuliza swali hata moja. Aliniamini mzima mzima, na nilisimama pale uani nikifikiria jinsi ilivyokuwa rahisi, jinsi maneno yalivyokuja yenyewe, yamepangwa, kila moja mahali pake.

Upande wa pili wa uzio kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anageuza kakao yake juani. Alikuwa mbali kidogo, asingeweza kusikia. Alipoona mabunda yanatolewa nje aliweka reki chini, akasogea mpaka kwenye uzio.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa alikuwa karibu rika langu. "Wewe ndiye wa chuoni, dada yake Mama Lugano?"

"Ndiye mimi."

"Naona anafunga mizigo."

"Nimemwomba aje kwangu kwa msimu huu."

Akatikisa kichwa polepole. Nyuma yake kulikuwa na nyumba yenye madirisha mawili, na kwenye kila dirisha kulikuwa na uso wa mtoto, au watoto wawili, sikuweza kuona vizuri. Zaidi ya nyumba yake kulikuwa na nyumba nyingine, na nyingine, mpaka kwenye kona ya mto.

"Na sisi je?" akauliza. "Maana wameondoa ile Tathmini. Bwawa litatupasukia au halitupasukii? Tuhame?"

Nilimtazama. Sikulijua jina lake. Sikujua amezika nani, wala ana watoto wangapi, wala ni kitu gani kinachomwamsha usiku. Nilitafuta sentensi ya kumpa, na sikuwa nayo.

"Hatujui, mama," nikasema. "Huo ndio ukweli wenyewe. Ukuta unaweza kuhimili, unaweza usihimili. Hakuna mtu anayejua."

Alisubiri kidogo, kama kuna mengine. Alipoona nimemaliza alitabasamu, akasema ndaga, asante ya kwetu, akanishukuru kwa kuwa mtu wa kwanza kutoka kule juu kuwaambia kweli, kisha akaokota reki yake na kurudi kugeuza kakao.